Kinyago kilichomfundisha mwali

Anayeshuka kituo cha Mwenge, Kinondoni, na kuuliza vilipo vinyago, haelekezwi mara mbili. Sauti za tezo na patasi humpokea kabla hajaona vibanda vyenyewe. Mafundi wamekaa chini, gogo la mpingo liko katikati ya miguu, vumbi limewajaa mikononi.

Wageni wengi husimama kwenye kinyago cha ujamaa: watu wamebebana, kizazi juu ya kizazi, hakuna anayesimama peke yake. Ni mtindo wa mafundi wa Kimakonde, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Pembeni kuna vigoda, bakuli na fimbo, vitu vya kutumia nyumbani.

Lakini kabla Wamakonde hawajaleta patasi zao mjini, Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, walikuwa na kinyago kilichofanya kazi zote mbili: kutumika na kusema. Kinaitwa mwana hiti. Ni kidogo, hushikika kwa mkono mmoja. Kwa kawaida hakina mikono wala miguu. Kina kiwiliwili, matiti, kitovu, na kichwa chenye nywele zilizopandishwa mafungu mawili.

Msichana alipovunja ungo, aliwekwa ndani na kukabidhiwa mwana hiti. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamtunza nywele kama mtoto wake. Kwa kazi hiyo ya mikono alijifunza mwili wake, uzazi na nafasi ya mama katika ukoo, maana kwa Wazaramo ukoo ulifuata upande wa mama. Umbo hilohilo lilichongwa kwenye fimbo, viti vya wakubwa na hata nguzo za makaburi. Yaani tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, jamii ilijikumbusha ilikotoka.

Si yote ya zamani ni ya kurudishwa. Mwali angeweza kukaa ndani miezi mingi, na alipotoka mara nyingi aliyemsubiri ni mume. Leo anatakiwa awe darasani. Lakini jambo moja lilikuwa sahihi: hakuachwa akisie. Alikuwa na somo au kungwi, na alikuwa na kitu mkononi cha kuanzia mazungumzo.

Leo, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, wasichana wengi hupata hedhi ya kwanza kati ya miaka 10 na 15, wengine wakiwa bado shule ya msingi. Mzazi akinyamaza, mwalimu anakuwa simu au rafiki wa rika lake. Mtoto asiyeambiwa mapema huiona damu akadhani ameumia au amekosea.

Kutoka Mwenge kuelekea mjini, si mbali, kipo Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama. Humo zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania, na ya Wazaramo ipo. Mzazi anaweza kumpeleka binti yake Jumamosi moja, na kaka yake pia, wakasimama mlangoni na kuambiwa kwamba mwali alikaa ndani ya nyumba kama ile.

Mtoto atauliza: “Alikuwa anafanya nini humo?”

Hapo ndipo pa kuanzia. Mzazi asibadilishe mada.