Msamvu, Njia Panda ya Morogoro

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi, utafika Msamvu, Morogoro. Hapo barabara hugawanyika: moja huenda Dodoma, nyingine Iringa. Malori ya mafuta hupita hapo kila siku.

Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu. Watu walikimbilia na madumu kuchota mafuta. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Petroli hutoa mvuke. Huuoni, lakini hutambaa chini na kufika mbali. Cheche ndogo tu huuwasha. Basi, ukiona lori limepinduka, usisogee, hata kama jirani yako anajaza dumu. Waite watoto warudi. Kisha wapigie Zimamoto, simu 114. Taja kijiji, barabara na alama iliyo karibu: shule, daraja au mbuyu.