Sehemu ya 14: "Toka Mama, upone kwanza"

Leo sina somo la homa wala la kunyonyesha. Wengi mliniuliza inbox kuhusu watoto na magemu, nami nikawa nakwepa, kwa sababu la kwangu mwenyewe lilikuwa halijaisha.

Nilirudi kutoka shifti ya usiku, saa mbili asubuhi. Nikapitisha mkono juu ya PS3 pale sebuleni. Ya moto! Mimi nesi, homa naijua hata bila kipimajoto. Mwanangu wa miaka 12 alikuwa amekesha anacheza, na baba yake chumbani kalala fofofo, hajasikia kitu. Nikachukua pedi zote mbili nikazifungia kabatini na yunifomu zangu. Mtoto hakusema neno. Siku tatu akawa ananijibu "ndiyo mama", "hapana mama", basi.

Usiku wa nne nilikuwa ofu. Saa nane nikaamka kwenda kunywa maji, nikamkuta sebuleni. Giza, TV imezimwa, amekaa tu.

"Unafanya nini hapa?"

"Nakusubiri."

"Si nipo ndani nimelala?"

"Nimezoea, mama."

Jamani. Nikakaa pale kwenye kochi. Kumbe kila nikiwa na zamu ya usiku halali mpaka nirudi, na gemu ndiyo ilikuwa inampitishia saa. Mimi nilikuwa natibu dalili, ugonjwa nimeuacha.

Kesho yake nikamrudishia pedi, nikamwambia nionyeshe. Gemu yenyewe ni Tekken Tag Tournament 2, ya mwaka 2012, tuliinunua mtumba pamoja na mashine. Mnaojua Tekken 3 ya vibandani zamani, wakati tunapoteza hela za soda kwa Eddy Gordo, hii ni ya ukoo huohuo, ila hapa unachagua wapiganaji wawili, mmoja anapigana na mwenzake anasubiri nje. Akacheza peke yake kwanza. Kuna Arcade Battle, unapambana na kompyuta hatua kwa hatua mpaka bosi wa mwisho. Kuna Fight Lab, una roboti unayoifundisha kupigana, hiyo hata mimi niliipenda. Na kuna Survival, ambayo haina mwisho mpaka ushindwe. Hiyo Survival ndiyo alikuwa anaicheza usiku. Nilipoielewa ilivyo, koo likanikauka kidogo.

Wapiganaji wake ni walewale kila siku: Jin Kazama na mwanamke mmoja wa nguo nyeupe. Nikauliza huyu nani. "Jun. Mama yake Jin. Kwenye hadithi alipotea Jin akiwa na miaka 15. Hii siyo ya hadithi, ndiyo maana yupo." Akaendelea kubonyeza. Mimi sikuuliza tena.

Najua kuna mama hapa anataka kuniandikia kwamba gemu ya ngumi haimfai mtoto wa miaka 12. Uko sahihi kuuliza. Ulaya kasha lake limeandikwa 16, Marekani wameipa kundi la vijana. Haina damu za kurushwa kama Mortal Kombat, ila babu anampiga mjukuu, na baba alimtupa mwanawe bondeni, ndiyo hadithi yao hao. Mimi nimeamua achezee sebuleni, tukiwepo, na saa tatu usiku inazimwa. Wewe wako unamjua zaidi.

Jumapili akaniambia kuna Pair Play, watu wanne, kila mtu na mpiganaji wake. Nikaazima pedi mbili kwa jirani. Mimi na yeye upande mmoja, baba yake na mdogo wangu wa kike upande wa pili. Mimi nikawa Jun, si hiari yangu, nilipangiwa.

Sheria yenyewe ndiyo iliyoniumbua. Ukipigwa, sehemu ya ule mstari wa uhai (wao wanauita damu) inageuka nyekundu. Ukitoka nje mwenzako akaingia, ile nyekundu inarudi polepole. Ukibaki ndani unang'ang'ana, hairudi. Na akiisha mmoja tu, timu nzima imeshindwa, hata kama mwenzake yuko mzima kabisa.

Sasa mimi nimeingia, nabonyeza kila kitu, nimepigwa na mume wangu mpaka mstari umebaki kidole. Mtoto anapiga kelele: "Toka Mama! Toka upone kwanza! Ukifa wewe tumekufa wote!" Mimi eti "ngoja kidogo, namalizia." Nikafa. Tumeshindwa, naye hata hajaguswa. Hakukasirika. Akasema tu, "Wewe ndivyo ulivyo."

Mume wangu akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kuna jambo sijawaambia. Wiki ile ya pedi nilikuwa nafidia shifti za mwenzetu juu ya zangu, usiku wa sita mfululizo. Saa kumi na moja alfajiri nimeshika bomba la sindano mkononi, nimesimama mbele ya kitanda, sikumbuki kama dawa hii nimeshampa mgonjwa au ndiyo nakwenda kumpa. Karatasi sijasaini. Sikumpa, nilimwita mwenzangu tukahesabu vichupa pamoja. Hakuna aliyedhurika. Lakini yule mwenzangu tangu saa saba alikuwa ananiambia nenda kaketi nusu saa, nitashika mimi, namjibu ngoja namalizia. Maneno yaleyale.

Jumatatu nilimfuata in-charge, nikamwambia shifti za kufidia sifanyi tena mwezi huu. Hela itapungua, ndiyo, na ada ya muhula bado haijatimia. Mume wangu amekubali usiku nikiwa kazini alale sebuleni na mtoto, godoro chini. Juzi nilipiga simu saa nne, akanong'ona "amelala." Nikarudi wodini.

Survival hajaicheza wiki mbili sasa. Pedi za jirani sijazirudisha, kesho Jumapili tuna marudiano, na safari hii mimi naanzia nje.