Kuvuta gari la foo-wili: kutoka kamba hadi jukwaa

Land Rover iliyokufa njiani ilivutwa bila maswali mengi. Katika Series II na Series III, zilizojaa kwenye barabara za vumbi za Afrika Mashariki, dereva alikuwa na virungu viwili karibu na gia kuu. Cha manjano kikikandamizwa, matairi ya mbele yaliingia kazini. Chekundu kilikuwa cha gia nzito, na katikati ya mwendo wake kilikuwa na nyutro. Kikiachwa hapo, giaboksi haikuwa tena na uhusiano na matairi. Magari mengi yalifungwa pia habu za kufungua kwa mkono kwenye matairi ya mbele: mtu alichutama, akazungusha kidude kwa vidole mpaka kikagota, na ekseli ya mbele ikapumzika. Kilichobaki hapo ni kamba, mtu wa kushika usukani, na breki zinazokamata.

Safari ikiwa ndefu, fundi aliingia chini ya gari na kuondoa propela ya nyuma. Kabla ya kufungua nati 4 za upande wa difu alichora mstari kwa ncha ya bisibisi, kutoka kwenye propela hadi kwenye kikombe cha difu, ili wakati wa kurudisha kila kitu kikae kilipokuwa, isije propela ikaanza kutetemesha gari. Kisha propela iliyojaa grisi ilifungwa kwenye gunia na kutupwa nyuma. Ilikuwa kazi chafu, lakini ilifanyika hata porini kwa spana mbili, na gari lilivutwa kutwa nzima bila chochote kuungua ndani yake.

Bredauni za enzi hizo zilikuwa na mkono wa chuma, waya na ndoano. Asili yake ni Marekani, mjini Chattanooga, ambako mwaka 1916 Ernest Holmes alifunga mkono wa kunyanyulia juu ya gari lake ili aweze kuokoa magari yaliyotumbukia. Gari lilinyanyuliwa upande mmoja na matairi ya upande wa pili yakabaki chini. Bampa zilikuwa za chuma na zilistahimili ndoano. Kwa gari linalosukumwa na ekseli moja tu, au foo-wili iliyokatwa kwa kirungu, njia hiyo ilitosha, na madereva wa bredauni wakaizoea kiasi cha kuiona ndiyo njia ya kuvuta gari lolote.

Kilichobadilisha mambo ni magari yanayosukumwa na matairi yote manne muda wote, bila kirungu cha kuikata foo-wili. Range Rover ya 1970 ilianza hivyo, na Land Rover One Ten ya 1983 ikafuata, ingawa zote mbili zilibaki na nyutro ya transifa, kama ile ya kirungu chekundu. Mabadiliko makubwa kwa watu wa kawaida yaliletwa na Japani: Toyota RAV4 mwaka 1994, Subaru Forester mwaka 1997, na Nissan X-Trail mwaka 2000, ingawa hii huisukuma ekseli ya nyuma inapohitajika tu. Yalipofikisha umri wa kuuzwa kama magari yaliyotumika, yalimiminika katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mwenye Forester hakulinunua kwa ajili ya matope. Kwake lilikuwa gari la kazini na la kupeleka watoto shule, na wengi hawakujua hata kwamba magurudumu yote manne yana kazi. Kwa nje hakuna kinachoonyesha.

Ndani, hata hivyo, ekseli mbili hazitengani. Katika magari mengi ya aina hii zimeunganishwa na kapulingi ya mnato: sahani nyembamba nyingi ndani ya chombo kilichojaa mafuta mazito ya silikoni. Ekseli zikizunguka kwa kasi zinazokaribiana, sahani hupishana bila shida. Moja ikizunguka na nyingine ikasimama, mafuta hupata moto, hutanuka, na sahani hushikana. Hiyo ndiyo kazi ya kapulingi gari linapoteleza. Bredauni inaponyanyua matairi ya mbele na kuburuta ya nyuma, kapulingi hupokea habari ileile: upande mmoja unazunguka, mwingine umesimama. Hushikana, na inapong'ang'ania hivyo kilomita baada ya kilomita, huungua. Ikishikana ghafla, matairi ya mbele huanza kusukuma na gari linaweza kuruka kutoka kwenye kitanda cha bredauni na kuingia upande wa pili wa barabara. Vitabu vya Subaru vinakataza wazi kunyanyua upande mmoja wa gari la aina hiyo, uwe wa mbele au wa nyuma.

Giaboksi ya otomatiki inaongeza tatizo la pili. Pampu yake ya mafuta huendeshwa na injini. Injini ikizimwa pampu husimama, lakini matairi yanayoburutwa huendelea kuzungusha gia na beringi zisizopata mafuta ya kutosha. Kuweka nyutro hakusaidii, maana nyutro huitenga injini, haiyatengi matairi na vyuma vilivyo upande wao.

Hapa ndipo kitufe cha X-Trail kilipowapotosha watu. Kimeandikwa 2WD, na aliyekulia kwenye Land Rover hukiona kama kirungu cha zamani. Sicho. Kinaiagiza kompyuta iache kubana kapulingi. Propela haikatwi, na matairi ya mbele yakizunguka nayo huzunguka. Fyuzi ya FWD, yaani ya kuliacha gari lisukumwe na matairi ya mbele tu, iliyo kwenye Subaru nyingi za zamani za otomatiki, nayo ilipewa sifa isiyo yake. Iliwekwa kwa ajili ya siku gari linapotembelea tairi dogo la akiba, injini ikiwa inafanya kazi. Haiifanyi pampu iliyosimama isukume mafuta.

Kwa hiyo njia salama imekuwa moja: matairi yote manne yasiguse lami. Bredauni ya jukwaa huteremsha jukwaa lake mpaka chini, na winchi hulivuta gari taratibu. Ndoano hufungwa kwenye pete ya kuvutia, ambayo kwa kawaida hukaa pamoja na jeki, na huingizwa kwenye tundu lililofunikwa na kifuniko kidogo cha bampa. Izungushwe mpaka mwisho; ikibaki nusu hukatika. Ufunguo uwashwe ili usukani usijifunge. Juu ya jukwaa, mikanda ipite juu ya matairi, si kwenye mikono ya sispensheni inayoweza kupinda. Palipo na bredauni ya kunyanyua tu, matairi yanayobaki chini huwekewa vigari vidogo vya magurudumu. Bredauni isiyo navyo ni afadhali irudishwe, hata kama imeshafika.

Kamba haijatoweka, lakini imebakiwa na kazi ya kuliondoa gari mahali pa hatari, likiwa na matairi yote manne chini. Kwa Subaru za otomatiki, vitabu vyake viliweka mpaka: kasi isizidi kilomita 30 kwa saa, na umbali usizidi kilomita 50. Anayekwama Mikumi hafiki Morogoro kwa kamba. Tena injini iliyozimwa haisaidii breki: baada ya kukanyaga mara chache, pedali huwa ngumu kama jiwe, na usukani nao huwa mzito. Kwenye mteremko kama wa Kitonga, mkoani Iringa, kamba haifai kabisa.

Baadhi ya magari ya haibridi yameondoa hata propela. Harrier Hybrid ya 2005 ina mota ya umeme inayozungusha ekseli ya nyuma peke yake, na magari ya umeme yenye mota mbele na nyuma yamefuata mtindo huo. Hakuna nati za kufungua chini yake, na mota yenye sumaku ikizungushwa na matairi huzalisha umeme. Betri ndogo ikiwa imekufa, breki ya mkono ya umeme huenda isifunguke. Hapo vigari vidogo huwekwa chini ya kila tairi lililofungwa kabla winchi haijaanza kuvuta.