Mwalimu Asiye na Mikono

Mwanza, kila anayesikia mada ya tasnifu yangu ya uzamili huniuliza: “Wewe Msukuma na Shiva, wapi na wapi?” Zamani nilikuwa nacheka tu. Jibu nililipata Magu, kando ya ziwa, zizini kwa babu.

Ninachokisoma ni pango la kisiwa cha Elephanta, karibu na Mumbai, lililochongwa ndani ya mwamba karne ya 6. UNESCO iliyatangaza mapango ya kisiwa hicho kuwa urithi wa dunia mwaka 1987. Kando ya mlango wa kaskazini ameketi Shiva, bwana na mwalimu wa yoga: amekunja miguu juu ya ua la yungiyungi, ametulia, mikono imevunjika. Niliandika sura nzima kuhusu mikono hiyo, kana kwamba somo lilipotea nayo.

Wapashupata, wafuasi wa kale wa Shiva, walimwita Pashupati, yaani Bwana wa Mifugo. Mifugo yenyewe ni sisi: roho ya mtu ni kama ng’ombe aliyefungwa kamba, na Shiva ndiye afunguaye. Mwalimu wao, Lakulisha, anakumbukwa Karvan, katika Gujarat, jimbo zilikotoka familia nyingi za Wahindi wa Mwanza. Hayo niliyajua kitabuni.

Juni, babu alipata kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, maneno yakakatika. Nilikwenda kwa siku mbili, na kompyuta yangu. Kila asubuhi nilimwamkia, “Mwangaluka, babu,” kisha nikauziba ukimya wake kwa maneno yangu. Niliongea mno. Nilikuwa naogopa.

Siku ya tatu alinyoosha kidole kuelekea zizini. Nikamshika, tukaenda polepole. Ndama alikuwa amefungwa nguzoni. Babu akaanza kufungua fundo kwa mkono wa kushoto. Likagoma. Nikaingiza wangu, nikavuta, likakaza zaidi. Akauondoa mkono wangu taratibu, akaisukuma kamba irudi ndani ya fundo, tena na tena, mpaka likalegea. Ndama akamkimbilia mama yake.

Tulisimama tukimtazama akinyonya. Sikusema neno.

Sura ya mikono nimeifuta, na msimamizi wangu anataka kujua kwa nini. Babu hajaweza kusema hadi leo. Nikipiga simu, shangazi humwekea sikioni, tunakaa kimya kidogo, ndipo ninakata.