Hukumu za Ubaguzi wa Rangi: Tafuta kwa Jina la Mkoloni

Leo tuweke kando programu kidogo, tuzungumzie kutafuta vitu mtandaoni.

Dada yangu mkubwa anafundisha Historia na Serikali katika shule moja ya sekondari huku Bomet. Juzi akaniambia, "Wewe ndugu yangu unayekesha na kompyuta, nitafutie hukumu maarufu za ubaguzi wa rangi nifundishie kidato cha tatu." Basi nikaingia kazini.

Kurasa za mwanzo zote zilikuwa Marekani. Kesi ya Plessy ya 1896, iliyobariki mabehewa ya treni kutenganishwa kwa rangi. Kesi ya Brown ya 1954, iliyoharamisha shule za umma kutenganishwa. Zina picha, video, hata maswali ya mtihani. Ni vizuri wanafunzi wazijue. Lakini madirisha ya darasa lao yanatazama mashamba ya majani chai, na lazima mmoja atauliza: na hapa kwetu je?

Kwetu zipo. Ya kwanza ni ya Isaka Wainaina, ya 1922. Wakikuyu walikuwa wakigombania shamba wao kwa wao, lakini Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba chini ya sheria ya ardhi ya 1915 na amri iliyoifanya Kenya koloni mwaka 1920, ardhi ya Waafrika ilikuwa mali ya mfalme wa Uingereza. Wao walibaki wapangaji tu, wa kukaa kwa hiari yake. Ya pili ni ya Kaderbhai wa Mombasa. Serikali ilinadi viwanja kwa sharti kwamba Wazungu pekee ndio wanunue. Alipinga, na shauri likafika Privy Council, mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni, huko London. Uamuzi uliochapishwa katika ripoti za sheria za 1931 ulisema kamishna wa ardhi alikuwa na uwezo wa kuweka sharti hilo.

Sasa Kericho. Hapa ukiandika neno "kesi" unaambulia patupu, na si kosa la kompyuta. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu mpaka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, na walioondolewa hawakuhukumiwa na mahakama. Ilitungwa sheria maalumu, Laibons Removal Ordinance. Kwa hiyo usitafute hukumu, tafuta sheria.

Jambo la pili ni majina. Kompyuta hulinganisha herufi, haijui kwamba mtu mmoja ana majina mawili. Wakoloni waliwaita Wakipsigis "Lumbwa", na hata Kipkelion ya leo iliitwa hivyo. Andika Lumbwa badala ya Kipsigis, nyaraka nyingi za zamani zitajitokeza. Andika laibon badala ya orkoiyot. Inauma kuitafuta historia yako kwa jina ulilobandikwa na mwingine, lakini karani aliyeandika faili alitumia jina hilo.

Pa kuanzia ni hapa: tovuti ya kenyalaw.org ina hukumu za Kenya bila malipo, na majaji wa siku hizi huitaja kesi ya Wainaina. BAILII inahifadhi hukumu za zamani za Privy Council. Google Books ina matoleo mengi ya gazeti rasmi la serikali, ya tangu enzi za ukoloni.

Msidhani haya ni mambo ya kale tu. Sheria ile ya 1915 iliruhusu Wazungu kukodishiwa ardhi kwa miaka 999, na ni Katiba ya 2010 iliyosema asiye raia asipate zaidi ya 99. Agosti 2022, Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg.

Nimemwekea dada faili zote kwenye flashi, maana intaneti ya shuleni ni ya kubahatisha. Pia nimempendekezea swali moja la darasani: mzazi wa Marekani mwaka 1954 alikuwa na mahakama ya kumsikiliza, je, mzee wa Talai mwaka 1934 angeshtaki wapi?