Wasiwasi wa Kaka Yangu

Kaka yangu huweza kutawadha mara saba kwa ajili ya swala moja. Akimaliza hupiga hatua mbili, akasita, akarudi bombani, kwani moyo umemwambia kuwa kisigino hakikupata maji. Nyumbani tuliuita wasiwasi, tukamkemea. Nilichelewa mno kutambua kuwa yale ni maradhi: fikra huingia bila hodi, na mgonjwa hulazimika kurudia kitendo ingawa anajua hakina haja.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Alikuwa amesoma kwamba huko Marekani uyoga unaoleta njozi umewaponya watu kama yeye.

"Mdogo wangu, wewe ndiye daktari wetu. Niutafute?"

Udaktari wangu ni wa vitabu. Nilimwomba siku mbili nikasome.

Habari ile ina chanzo cha kweli. Mwaka 2006 Francisco Moreno na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walichapisha utafiti ambamo wagonjwa 9 walipewa, chini ya uangalizi, sailosaibini, yaani kemikali iliyomo katika uyoga huo. Kila mmoja alipata nafuu ya muda, kuanzia asilimia 23 hadi 100. Hata hivyo, hata kipimo kidogo kabisa kilifuatiwa na nafuu. Je, ilikuwa nguvu ya dawa au ya matumaini? Watu 9 hawatoshi kulijibu swali hilo.

Kwa nini jambo zito hivi lilisubiri hadi 2006? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 uliiweka kemikali hiyo katika kundi lenye masharti makali kuliko yote. Sipingi dola kudhibiti kinachoweza kudhuru. Ninachopinga ni udhibiti unaomfunga mtafiti pamoja na mlanguzi, kisha mgonjwa akaachwa ajitafutie majibu gizani.

Nilimpigia kaka nikamwambia: "Usiutafute. Walioupewa walikuwa mikononi mwa madaktari, na ushahidi bado ni mchanga. Zipo dawa zinazojulikana, na ipo tiba ya kumzoesha mtu kuikabili hofu bila kukirudia kitendo."

Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Utanisindikiza?"

Tunakwenda Jumatatu. Miaka yote tuliyomkemea, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia kuwa anaumwa.