Tofauti za Majibu katika Somo la Pendulamu

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la sita, katika shule moja ya ufukweni hapa Ilemela, tukimkagua mwanachuo aliyefundisha upimaji wa wakati. Maandalio yake yalikuwa safi. Alileta mishipi ya kuvulia na vijiwe vya ziwani, na vikundi sita vikatengeneza pendulamu za sentimita 25. Pendulamu ya urefu huo huenda na kurudi kwa muda wa karibu sekunde 1; kwa hiyo mibembeo 30 ilipasa kuchukua kama sekunde 30.

Majibu yakaandikwa ubaoni: vikundi vitatu 30, viwili 31, kimoja 29. Mwanachuo akafuta yasiyolingana na kuandika 30 kila mahali. Mtoto mmoja akasimama: "Mwalimu, sisi tulihesabu kweli." Akaambiwa aketi. Nasi, twaona haya kukiri, tulimpa mwanachuo alama nzuri kwa kumaliza somo kwa wakati.

Maneno ya mtoto yule hayakututoka. Kesho yake tulirudi pamoja na mwanachuo, tukawaomba watoto waonyeshe walivyofanya. Kikundi cha 29 kilitamka "moja" pale jiwe lilipoachiwa, hivyo kilihesabu mibembeo 29 tu. Vikundi vya 31 vilipima uzi hadi juu ya jiwe, si hadi katikati yake, na mawe yao yalikuwa makubwa. Pendulamu ikiwa ndefu zaidi huenda polepole zaidi. Hapakuwa na aliyedanganya. Kila tofauti ilikuwa na chanzo chake, na chanzo hicho ndicho kilichokuwa somo.

Mafundi wa saa wamepambana na jambo hilihili tangu zamani. Christiaan Huygens alibuni saa ya pendulamu mwaka 1656, lakini joto hurefusha fimbo ya chuma na saa ikachelewa. Katika miaka ya 1720 John Harrison aliunganisha fimbo za shaba ya njano na za chuma cha pua, zikipanuka kwa kupingana, hata urefu wa pendulamu ukabaki karibu uleule. Leo saketi nzima huundwa ndani ya kipande kidogo cha silikoni. Kasi ya mapigo yake yaweza kutegemea rezista na kapasita, ambazo hupishana toka kipande hadi kipande kiwandani, tena hubadilika kwa joto. Wahandisi huunganisha rezista ambayo ukinzani wake huongezeka kwa joto na nyingine ambayo ukinzani wake hupungua; kisha hupima kila kipande na kukirekebisha peke yake. Panapohitajika usahihi zaidi hutumia kristali ya kwatzi, kama ile ya saa ya mkononi itetemayo mara 32,768 kwa sekunde.

Hapana budi mwalimu afuate njia hiyohiyo. Kwanza, aache kila jibu ubaoni. Pili, awaulize watoto walivyofanya. Tatu, makosa ya wote ayaondoe kwa maelekezo mamoja: kuanza na "sifuri", na kupima hadi katikati ya jiwe. Nne, kilichobaki akirekebishe kwa kila kikundi mahali pake.

Siku ile vikundi vilirudia kipimo, na tofauti ikapungua mno. Kabla ya hapo, mwanachuo alimpa chaki mtoto aliyeketishwa, naye akaiandika tena 31 yake ubaoni.